Mshikio mwembamba, mnene: shajara ya upinde wa mkole, Mwanza

Jumamosi, mwanzoni mwa Juni

Mikono yote miwili ya upinde sasa inapinda kwa usawa. Nimeiacha makusudi ikiwa bado mizito kidogo kuliko ninavyotaka. Kisichoguswa ni katikati tu: sentimita 20 ambazo bado zina sura ya shina lililopasuliwa. Humo ndimo utatoka mshikio pamoja na kikalio cha mshale, na shajara hii itahusu hapo tu.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: mti ni mkole, umetoka kwenye ngitili ya mzee mmoja huko Kwimba. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zisubiri kiangazi. Mzee alinikubalia shina moja, akasimama pale pale kuhakikisha ni moja kweli. Nililipasua, nikatoa gome bila kuugusa mti wenyewe chini yake, nikaliweka darini chini ya bati. Huku kwetu hewa ya ziwa ina unyevu, na mti uliosimamishwa ukumbini haukauki vizuri.

Vipimo vya sasa: urefu wote ni sentimita 168. Mikono ina upana wa sentimita 4.2 inapoanzia, na unene wa 1.7. Katikati unene ni 2.5 tu, kwa kuwa mikole haiwi minene. Nitauvuta hadi sentimita 66, na uzito ninaoutaka, yaani nguvu ya kuuvuta hadi hapo, ni kilo 18. Ni upinde wa kulenga gunia lililoshindiliwa vitambaa. Wanaoniuliza habari za swala nawajibu mara moja: kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tuendelee na mbao.

Jumapili

Leo ni penseli na rula tu, lakini hapa ndipo upinde unapopata au kukosa mshikio.

Nimeupata katikati ya urefu na kuweka alama. Mshikio wenyewe ni sentimita 10: tatu juu ya alama, saba chini yake. Kila upande nimeongeza sentimita 5 za mteremko, ambako unene wa mshikio unashuka taratibu mpaka ukutane na unene wa mkono. Kwa hiyo mkono wa juu una sentimita 76 na wa chini 72. Tofauti hiyo inatokana na mahali mshale unapopita. Kiganja hakiwezi kukaa katikati na mshale nao ukapita katikati hapo hapo, lazima mmoja ampishe mwenzake. Mshale utapita karibu sentimita 3 juu ya alama, kiganja kitakaa chini yake, na mkono wa chini, uliobebeshwa zaidi, unakuwa mfupi na mgumu zaidi.

Pinde nyingi za asili hazina hangaiko hili. Upinde wa Mhadzabe wa kule Ziwa Eyasi hauna kikalio, mshale unapita juu ya ngumi. Pinde za sungusungu nilizowahi kushika Usukumani ni hivyo hivyo: fito nzuri ya mviringo, ngozi kidogo katikati, basi. Hata zile za Uingereza zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, hazikukatwa kikalio, na zilikuwa za kuvuta kwa nguvu za kutisha. Upinde unaopinda kidogo hata mshikioni ni salama, kwa kuwa mzigo unagawanywa kwenye mti wote. Kasoro yake ni kwamba unausikia ukitikisika kiganjani, na mshale unapanda ngumi tofauti kila mara. Mizizi ya manyoya nayo isipolainishwa na kufungwa uzi inachoma ngozi ya kidole. Mimi nataka mshale ukae mahali pamoja kila siku, kwa hiyo nahitaji mshikio usiopinda kabisa.

Na ugumu wa kuupata mshikio usiopinda kabisa ni huu. Upinde ukivutwa, nguvu inayotaka kuvunja mti mahali fulani hutegemea umbali wa mahali hapo hadi kwenye upote, yaani uzi wa upinde. Nchani umbali huo ni sifuri. Kadiri unavyosogea katikati unaongezeka, na mshikio ndio ulio mbali kuliko kote. Sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote ndiyo tunayotaka kuichonga nyembamba ili kiganja kiizunguke na mshale upite karibu na mstari wa katikati. Mgongano wa mshikio wote uko hapo.

Jumapili, jioni

Mpwa wangu hakukubali kwamba kitu kinaweza kuwa chembamba na kigumu kwa wakati mmoja. "Mjomba, mbao ikipungua imepungua tu." Nikachukua ubao wa paini wa upana wa milimita 40 na unene wa milimita 10, nikaubana kwenye benchi ukining'inia sentimita 50 nje, na mwishoni nikafunga galoni yenye lita 2 za maji. Ukiwa umelala, ncha ilishuka milimita 25. Nikaugeuza ukasimama kwa ubavu. Galoni ile ile, ubao ule ule: haikufika hata milimita 2.

Ugumu wa mti huongezeka sawa na upana. Upana ukiwa mara mbili, ugumu ni mara mbili. Unene haufuati hesabu hiyo. Unene ukiwa mara mbili, ugumu ni mara nane, maana unene unajizidisha wenyewe mara tatu. Nguvu ya kutovunjika nayo huenda na unene uliojizidisha mara mbili. Ubao wetu uliposimama ulipoteza robo tatu ya upana lakini ukapata unene mara nne, ndiyo maana ukawa mgumu mara 16.

Kwa hiyo mshikio wenye nguvu hautafutwi upande wa kushoto na kulia. Unatafutwa mbele na nyuma, kati ya mgongo wa upinde unaotazama shabaha na tumbo linalomtazama mpigaji. Hili si jipya. Kule Holmegaard, Denmark, mwaka 1944 zilifukuliwa pinde za mti wa elm kutoka enzi ambayo watu wa huko walikuwa bado wawindaji, kabla ya kilimo, miaka zaidi ya elfu nane iliyopita. Mikono yake ni mipana na bapa, na mshikio ni mwembamba wenye unene. Mchongaji yule hakuwa na galoni ya lita mbili wala rula, na alijua.

Mimi nina sentimita 2.5 tu. Lazima niongeze.

Jumatano

Nimepata kipande cha mninga kwenye karakana ya fundi seremala hapa Nyakato, mabaki ya kitanda. Mninga ukishakauka hautembei ovyo, haupanuki na kusinyaa sana majira yakibadilika, na unachongeka kwa raha. Mpingo ungekuwa mzuri kwa macho lakini ni mzito mno kuwekwa wote mshikioni, na unatafuna makali ya randa. Nimeuhifadhi kipande kidogo kwa ajili ya kikalio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado na fimbo yako tu?"

Fundi hapendi upinde wangu, lakini anapenda kazi ikifanyika sawasawa, na ndiye aliyenilazimisha nirudie kupiga randa tumbo la mkole mpaka mwanga usipite kati ya vipande viwili vikiwekwa pamoja. Alivishika juu dirishani akafumba jicho moja. "Gundi si udongo wa kuzibia," alisema. Baada ya randa, mkole umebaki 2.4. Mninga una 2. Jumla 4.4.

Alhamisi

Siku ya gundi. Nimetumia epoksi ya mirija miwili. Gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa kiti na kabati, lakini ikibebeshwa mzigo wa kudumu huwa inalegea kidogo kidogo, na upinde uliofungwa upote ni mzigo usiopumzika. Nyuso zote mbili nimezikwaruza kwa msasa mgumu kwa mistari ya kukatana, kisha nikazifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Mninga una mafuta yake, yakibaki juu gundi inashika mafuta badala ya mti.

Kubana kuna mtego wake. Mtu akiona klampu anaikaza hadi mwisho, gundi yote inatoka pembeni na katikati panabaki pakavu. Epoksi inataka kubaki tabaka jembamba ndani. Nimetumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, nikazungusha toka mwanzo hadi mwisho nikivuta kiasi. Mpira unabana pande zote kwa usawa na unaendelea kubana hata vipande vikitulia. Nimeuacha juani kidogo, kisha ndani hadi kesho kutwa. Maelekezo yanasema saa 24, ila gundi haina haraka nami sina.

Jumamosi

Nimechonga miteremko. Tupa ya mbao, kisha kipande cha kioo kukwangulia, kisha msasa.

Mshikio wa kubandika ukibanduka, watu husema gundi ilikuwa mbaya. Mara nyingi gundi haina kosa. Ncha ya kipande kilichobandikwa ilikaa juu ya sehemu ya mti inayopinda. Mkole unapinda, mninga hautaki, na siku moja ncha inanyanyuka kwa kishindo. Tiba ni mbili na zote zinafanywa hapa. Kwanza, mteremko ushuke kwa mkunjo mrefu mpaka ncha ya mninga iwe nyembamba kiasi cha karatasi, ili kama kuna kupinda kidogo iende nako. Pili, mkole wenyewe chini ya ncha ile ubaki mnene, na upunguzwe taratibu baada ya kuvuka ncha. Kupinda kuanzie nje ya mninga, si chini yake. Nimeacha unene wa 1.7 ndani ya ncha na sentimita 3 nje yake kabla sijaruhusu mkono kuanza kupungua.

Kisha nikapaka chokaa iliyochanganywa na maji kwenye mstari wa gundi pande zote mbili, nikaiacha ikauke. Chokaa haivumilii mwendo wowote. Nilipouvuta upinde kwa kamba ndefu kwenye ubao wa kupimia, nusu ya umbali, mstari ulibaki mzima. Nitaipaka tena upinde ukifika mvuto kamili.

Jumatatu

Leo nimebishana na fundi, na ubishi wenyewe una faida kuuandika.

Yeye ameona pinde za kiwandani kwenye simu, zile zenye dirisha kubwa lililokatwa ndani ya mshikio mpaka mshale unapita katikati kabisa. Anataka nami nikate. Hesabu yake: mshikio uwe na upana wa sentimita 3, kisha upande wa kushoto pakatwe milimita 9 kwenda ndani, pabaki sentimita 2.1. Mshale utapita milimita 6 tu kutoka mstari wa katikati.

Kwa hesabu tupu fundi hajakosea. Upana umepungua kwa asilimia 30, na kurudisha nguvu ile ungehitaji kuongeza unene kwa asilimia 20 hivi. Unene tunao wa kutosha. Hata dirishani, sentimita 2.1 kwa 4.4 ni imara zaidi ya mara tatu ya mkono unapoanzia. Upinde wake usingevunjika kwa sababu ya upungufu wa mti.

Ungevunjika kwenye kona. Mkato wa ndani wenye kona kali hukusanya nguvu mahali pamoja, na ufa huanzia hapo hata kama mti unaozunguka ni mnene. Pinde za kiwandani zimejengwa kwa tabaka, na katikati ni mbao iliyochaguliwa mistari yake. Wangu mgongoni ni mkole wenye nyuzi zinazokwenda zinavyotaka, zikipanda na kushuka kufuata macho ya matawi, na dirisha lingezikata kando moja tu. Mshikio uliokatwa upande mmoja pia haupokei mzigo katikati yake, unaelekea kujipinda kidogo kila unapovutwa. Anayetaka kukata na akate, ila asivuke mstari wa katikati, na kona zote za ndani azifanye mviringo kwa tupa ya duara kabla ya kuufunga upinde upote hata mara moja.

Mimi nimeamua vingine. Badala ya kukata dirisha upande mmoja, napunguza mshikio wote kutoka pande zote mbili kwa mkunjo laini, mpaka sentimita 2.6 pale mshale unapopita. Mshale utakuwa milimita 13 kutoka katikati. Hakuna kona wala upande uliodhulumiwa. Nimepiga hesabu kuulinganisha na mti ulivyokuwa kabla ya mninga: upana umeshuka kutoka 4.2 hadi 2.6, lakini unene umepanda kutoka 2.4 hadi 4.4, na ugumu umekuwa zaidi ya mara tatu. Fundi aliisoma karatasi akaniambia, "Kijana, hesabu zako nzuri, lakini mshale wako utakwenda kando." Hapo ana hoja, na nitaijibu kwa mshale.

Sababu nyingine sikumwambia. Mpwa wangu hutumia mkono wa kushoto. Ukishakata dirisha umechagua mpigaji, na mimi sitaki kuchonga upinde wa pili mwaka huu.

Jumatano na Alhamisi, jioni

Kuchonga umbo la kiganja. Kazi ndogo kwa macho, inakula muda.

Nimepaka masizi ya sufuria kiganjani, nikaushika mshikio kama navuta, nikauachia. Palipo na doa jeusi zito ndipo panapogusa kupita kiasi. Tupa kidogo, futa, paka tena. Doa la kwanza lilikuwa kwenye kona ya chini, na hilo ndilo la kuogopa. Kisigino cha kiganja kikisukuma chini, mkono wa chini wa upinde unabebeshwa kuliko ulivyopimwa na mshale unapanda. Nguvu ya kusukuma inatakiwa iwe kwenye mfinyo wa juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa chini ya mshale. Kwa hiyo pale juu nimechonga koo lililozama kidogo kuliko sehemu nyingine, na chini nimeacha tumbo la kujaza kiganja.

Katika koo hilo unene umeshuka hadi 4.0. Nimeukubali na sishuki tena hapo. Kila ninapotamani kupata raha ya mkono, natoa upana, sitoi unene. Kiganjani upana sasa ni 2.8, kwenye njia ya mshale 2.6. Mgongo nimeupunguza makali ya kona tu.

Jumamosi, Kirumba

Asubuhi soko la samaki la Mwaloni, kwa ajili ya mizani na uzi. Mizani ni ile ya kuning'iniza ambayo wachuuzi wa samaki hupimia sangara. Ndoana yake inaingia kwenye upote kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Uzi ni wa nyavu, wa nailoni, nimechagua mwembamba uliosokotwa. Muuzaji aliuliza nyavu ya macho mangapi. Nilipomwambia ni ya kufunga upinde aliniangalia juu hadi chini akapandisha bei.

Uzi huu wa nyavu ni mzuri kwa kuzungushia na haufai kwa upote. Nailoni inavutika. Ukiizungusha huku umeikaza, inajirudi na kubana chini yake milele, lakini ukiifanya upote inanyonya nguvu ya upinde na urefu wake unabadilika kila saa. Upote wangu ni wa polista, uzi wa kushonea maturubai, uliosokotwa kwa nyuzi nyingi.

Kikalio nimekichonga kwa mpingo, kwa sababu mshale unakisugua kila unapopita na mti laini ungeliwa mapema. Hakikugundishwa. Kina mguu bapa wa sentimita 4 unaolala ubavuni mwa mshikio, mguu huo nimeupunguza unene kwenye ncha zote mbili, na juu yake kunatokeza kibao cha milimita 8 ambapo mshale utakaa. Mguu umefungwa kwa uzi wa nyavu juu na chini ya kibao, mzunguko kando ya mzunguko, mwisho wa uzi ukavutwa chini ya mizunguko yenyewe. Ukitaka kuuhamishia upande wa pili, unakata uzi tu. Mshikio wa pande mbili zilizo sawa unaupokea bila malalamiko.

Uso wa juu wa kibao hauko bapa. Nimeuchonga mviringo toka mbele kwenda nyuma, na kilele chake kimekaa juu ya koo la mshikio, pale kiganja kinapoegemea. Mkono wa mpigaji ukitikisika au kujipinda kidogo, mahali panapohama kidogo kuliko pote ni juu ya egemeo la kiganja, na mshale ukigusa hapo unahama kidogo nao. Juu ya mpingo nimebandika kipande cha ngozi ya mbuzi kutoka kwa fundi viatu, na ubavuni kipande kingine chembamba pale mshale unapolalia.

Jumapili, kiwanjani

Upote umefungwa, kimo cha sentimita 15 kutoka mshikioni, ngumi na kidole gumba kilichosimama. Mizani ya sangara ilisoma kilo 19 na nusu kwenye sentimita 66. Mkono wa juu uko milimita 4 mbali zaidi na upote kuliko wa chini, kama nilivyotaka. Chokaa kwenye mstari wa gundi haikuonyesha ufa.

Alama ya kushikizia mshale kwenye upote nimeiweka kwa skwea ya seremala, milimita 9 juu ya mstari wa pembe mraba kutoka kwenye kikalio. Ikiwa chini zaidi mkia wa mshale hugonga kibao.

Sasa hoja ya fundi. Mshale umesimama milimita 13 kutoka katikati, na upote unaurudisha kuelekea katikati, kwa hiyo kwa hesabu ya mstari ulionyooka unapaswa kwenda kushoto. Hauendi, kama mshale wenyewe ni wa kiasi chake. Ukiachiwa unajipinda, unauzunguka mshikio kwa mwili wake, kisha unanyooka njiani. Miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman aliupiga mwendo huo picha za kasi, ikaonekana wazi mshale unapita kama unaukwepa upinde. Mshale mgumu mno hauwezi kukwepa, unatupwa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Ulio laini mno unapita kiasi na kwenda kulia.

Mishale yangu ni ya mianzi na ilikwenda kushoto, karibu yote kwenye ukingo wa gunia. Fundi alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni, hakusema neno, alitabasamu tu. Nikaikwangua katikati kwa kioo, kidogo kidogo, na miwili nikaibadilishia ncha ikawa nzito zaidi, maana ncha nzito huufanya mshale ujipinde zaidi unapoanza kusukumwa. Ilirudi katikati. Mmoja umekataa. Ule una kifundo kinene pale pale mahali pa kupindia, nimeutenga.

Kisha unga wa muhogo. Nimepaka kidogo juu ya kikalio na ubavuni, nikapiga, nikatazama unga umefutwa wapi na manyoya yamebeba nini. Ngozi ya ubavuni ilikuwa na mstari mmoja mwembamba, safi. Kwenye kibao, ukingo wa nyuma ulikuwa umefutwa wote na unyoya wa chini ulikuwa mweupe. Manyoya yanagonga ukingo ule. Nimeuondoa kwa tupa ya duara, ukashuka, na unga wa duru iliyofuata ulibaki mzima kasoro kwenye kilele.

Jumanne

Mpwa amejaribu kwa mkono wa kushoto baada ya kikalio kuhamishwa. Anavuta sentimita 60 tu kwa sasa. Mshikio umemkaa vizuri kuliko nilivyotegemea, ila anasema koo linambana kwa kuwa kidole gumba chake ni kifupi. Nimemwambia hapo hapaguswi. Tumeongeza ngozi badala ya kupunguza mti.

Jumamosi, mwishoni mwa Juni

Kumalizia. Mikono nimeikwangua mpaka mizani ikasoma kilo 18. Msasa laini mshikioni, mafuta ya kitani tabaka nyembamba nyembamba, kila moja likauke kabla ya lingine, kisha nta ya nyuki kwa kitambaa chenye moto kidogo. Mshikio sikuupaka vanishi, unateleza kiganja kikitoka jasho. Sehemu ya kushikia nimezungushia ngozi ile ile ya mbuzi, mshono ukiwa mbele, upande wa mgongo, vidole visiuguse.

Chokaa imepakwa mara ya mwisho kwenye ncha za mninga, na upinde umevutwa kamili mbele ya fundi. Alipitisha ukucha kwenye mstari wa gundi kutoka ncha hadi ncha, akaurudisha mikononi mwangu akauliza kama kile kipande cha mpingo kilichobaki bado nakihitaji. Ametaka kukifanyia mpini wa patasi.

Kabla ya mvua za vuli upinde utapimwa tena kwa mizani ile ile. Mkole utavuta unyevu wa ziwa, na kama uzito ukishuka chini ya kilo 17 nitaurudisha darini. Mstari wa gundi nitaukagua kwa chokaa kila mwezi. Mshale wa kifundo bado umetengwa.